Mwalimu Kaveke na Mstari wa Waliokawia

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Ngiluni na wageni wetu mliotoka Kitui na Mbooni, Bwana Yesu asifiwe. Familia imenituma mimi, Kathini, kitinda mimba wa nyumba hii, niwasomee maisha ya ndugu yetu. Nikinyamaza mahali, mnivumilie. Ninyi mnaofuata kwenye karatasi endeleeni tu, nitawafikia.

Titus Kaveke Ndolo alizaliwa tarehe 2 Julai 1984 hapa Ngiluni, karibu na soko la Kasikeu. Wakati huo ilikuwa wilaya ya Machakos, leo ni kaunti ya Makueni. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu mzee Jeremiah Ndolo na mama Kalekye Ndolo. Ulikuwa mwaka wa njaa kubwa. Mama husema mtoto huyo alinyonya kama mtu aliyeambiwa hali ya nchi. Miaka minne baadaye alizaliwa dada yetu Mutindi. Mama alikuwa amehesabu mwisho wa Agosti, lakini mtoto akaja tarehe 20 Septemba. Kwa hiyo akapewa jina hilo la Mutindi, ambalo kwetu Wakamba ni la msichana aliyekawia tumboni.

Kaveke alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kufanya mtihani wa KCPE mwaka 1998. Kisha alienda shule ya bweni huko Mbooni, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Huko ndiko alikojifunza ngoma yetu ya kuruka na kupinduka hewani, na alipokuja likizo alifanyia mazoezi zizini, kwa sababu ndipo palikuwa laini pa kuangukia. Baada ya wiki mbili maziwa yakapungua. Baba akasimama langoni akasema, "Kaveke, hawa ng'ombe hawajaandikishwa tamasha la muziki. Wanaogopa!" Kaveke, akiwa na kinyesi mpaka kwenye nywele, akajibu, "Baba, si unaona wanapiga makofi kwa mkia?" Baba alicheka mpaka akasahau fimbo aliyokuwa ameshika. Shule yao ilifika ngazi ya mkoa mwaka huo, na cheti chao bado kiko ukutani kwa mama.

Alimaliza chuo cha walimu mwaka 2006. Mwaka uliofuata alianza kufundisha katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kitui, akakaa huko miaka minane. Mwaka 2015 alihamia Mbumbuni, na hapo ndipo alipofundisha mpaka ugonjwa ulipomzuia. Alifundisha Kiswahili na sayansi, lakini watoto walimkumbuka zaidi kwa densi. Walimwita Mwalimu Moja Mbili. Hata akitembea sokoni, mtoto angemfuata nyuma akihesabu hatua zake, "moja, mbili, moja, mbili," naye angebadilisha mwendo kwa makusudi ili mtoto akosee.

Siku za Jumamosi alikuwa mtu wa kamera. Kwaya nyingi za kaunti hizi mbili zilirekodiwa video naye, na hatua ambazo mmeziona wanakwaya wakipiga kwenye nyasi, nyingi ni zake. Mama mmoja wa kwaya yetu alimwambia, "Mwalimu, haya magoti yangu hayajui moja mbili." Akamjibu, "Mama, wewe cheza na mabega. Magoti nitayaacha nje ya picha." Ile video ilipotoka, mama huyo ndiye aliyeonekana anacheza kuliko wote. Leo yuko hapa na ameniruhusu niseme, bora nisimtaje jina.

Aliokoka akiwa kidato cha tatu. Katika kanisa letu alikuwa kiongozi wa vijana kwa miaka sita, na baadaye katibu wa kamati ya muziki.

Mke wake, Kanyiva, alimpata kupitia kamera hiyo hiyo. Mwaka 2008 aliitwa kurekodi harusi huko Mbooni, na wenyewe walipopelekewa kanda wakaona msimamizi mmoja wa bibi harusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba wa bibi harusi alimpigia simu, "Kijana, hii ilikuwa harusi ya nani?" Kaveke akaomba msamaha, na akaomba pia namba ya simu ya yule msimamizi. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, walipelekwa kwa wazazi wake, kina Mwau, huko Mbooni mwezi wa Aprili 2009, na harusi ikafungwa kanisani tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Mungu aliwabariki na watoto wawili, Ndolo na Kalekye. Aliyerekodi harusi yao alionywa mapema arekodi bibi harusi.

Sasa nafika mahali pagumu, lakini maisha ya Kaveke hayawezi kusomwa bila kupita hapo.

Dada yetu Mutindi alikuwa mfanyabiashara wa vyondo, vile vikapu vya kusukwa. Alinunua kwa akina mama wa Kasikeu na kuuza Nairobi, kisha Dar es Salaam, kisha akasikia kwamba Afrika Kusini kuna wanunuzi. Mwezi wa Januari 2017 alisafiri kwa barabara na wafanyabiashara wenzake. Walipita Tanzania, Zambia na Zimbabwe, lakini visa ya kuingia Afrika Kusini hawakuwa nayo. Tarehe 19 Januari alimpigia Kaveke simu.

"Tumefika mtoni. Kesho asubuhi tunavuka. Mwambie mwaitu nimekula vizuri."

"Umekula nini?"

"Kaveke, wewe mwambie tu nimekula."

Kaveke akaja akamwambia mama yetu kwamba Mutindi amekula. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyopata kutoka kwake. Baada ya siku nne alipiga simu mwanamke waliyekuwa wakisafiri pamoja, Kalunde wa Kitui. Alisema walikuwa watu kumi na wawili, wameshikana mikono mstari mmoja ndani ya maji, na maji yakaja kwa ghafla. Akasema, "Mwalimu, mimi ndiye nilikuwa nimemshika."

Mwili haukupatikana. Kaveke alisafiri mpaka ule mto mwezi wa Aprili, akakaa siku tisa akiuliza ng'ambo hii na ng'ambo ile, akarudi na mchanga kwenye viatu. Aliandika barua kwa ofisi nyingi. Mama hakukubali maombolezo. Watu walipokuja nyumbani kumpa pole aliwapa chai, akawauliza, "Pole ya nini? Huyo mtoto hata kuzaliwa alikawia." Tangu siku hiyo, kila Krismasi mama aliweka sahani ya Mutindi mezani. Sisi watoto wake tulikula tukiangalia chini.

Katika kutafuta kwake, Kaveke alikutana na familia nyingine. Hapa Makueni na kule Kitui alipata familia kumi na moja zilizopoteza mtu njiani, wengine kwenye mto ule ule, wengine jangwani kaskazini, wengine baharini wakielekea Ulaya. Kila nyumba ilikuwa kama yetu. Alimwambia mkewe, "Hawa watu hawana kaburi la kwenda na hawana simu ya kungoja. Sijui kuwajengea kaburi. Najua kupanga mstari na kushika kamera." Ndivyo wazo la filamu ya densi lilivyoanza, mwaka 2021. Kila familia ingetoa mtu mmoja wa kucheza kwa niaba ya mtu wao, na wangevuka mto Tiva huko Kitui wakati wa kiangazi, ukiwa mchanga mtupu, wameshikana mikono jinsi wasafiri wanavyoshikana majini.

Lakini alikosea kitu kimoja, na mwenyewe alipenda kusimulia kosa hilo, kwa hiyo siwezi kulificha. Barua aliyozipelekea familia iliandikwa juu, kwa herufi kubwa, "Densi ya Marehemu Wetu." Siku ya mazoezi ya kwanza alingoja mtoni tangu saa mbili asubuhi. Zilikuja familia mbili tu. Moja ilikuwa ya mzee Rashid wa mjini Kitui, ambaye mwanawe Musa alipotea baharini mwaka 2018. Na mzee Rashid hakuja kucheza. Alikuja na barua mkononi.

"Mwalimu, mke wa Musa yuko kwangu mpaka leo. Hajakaa eda, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni mjane. Jana amesoma karatasi yako. Wewe ndiye umemwambia."

Kaveke aliipokea ile barua.

"Kwa nia njema, najua," mzee Rashid akaongeza. "Lakini umemfisha mtu kwa kalamu nyekundu, wewe mwalimu."

Aliporudi nyumbani akakuta mama naye ameipata barua hiyo, ameikunja ndogo kama dawa ya unga. Mama akamuuliza, "Kaveke, wewe umemzika Mutindi lini? Mbona sikuitwa?" Ndugu yangu alipiga magoti akaomba msamaha. Kisha akauliza, "Mwaitu, sasa niwaiteje? Siwezi kuwaita wazima, siwezi kuwaita marehemu." Mama alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. Akasema, "Jina si tulimpa? Amekawia. Na hao wengine wamekawia."

Kaveke alizunguka kwa boda boda wiki mbili nzima, nyumba kwa nyumba, akikusanya barua zake zote na kuomba radhi. Aliacha barua mpya yenye neno moja juu, "Waliokawia." Safari hii familia zote kumi na moja zilikuja. Binti mkwe wa mzee Rashid alikuja pia, akakaa ukingoni, akapikia watu chai.

Palikuwa na maneno kanisani, tusikatae. Wengine walisema ngoma za mtoni ni za mizimu, na kwamba katibu wa muziki amerudi nyuma. Mchungaji wetu aliamua kwenda kujionea. Alisimama kwenye mchanga na viatu vyake vyeusi tangu asubuhi mpaka saa saba, akiangalia watu wakishikana mikono, wakivuka, wakirudi, wakivuka tena, na Kaveke akipiga filimbi. Jumapili iliyofuata akasema madhabahuni, "Nilienda kutafuta mizimu. Nimekuta wazazi." Maneno yakaisha.

Mstari ule mwishowe ulibadilika, ukawa hivi. Watu wanavuka polepole, hatua mbili mbele, moja nyuma, kama mtu anayesukumwa na maji. Kati ya kila mtu na mwenzake pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Mikono imenyooshwa na vidole vimefunga, lakini ndani hakuna mkono mwingine. Kaveke aliwafundisha kufunga vidole hivyo kwa siku nyingi, kwa sababu alisema mkono uliofunguka unaaga, na hakuna aliyekuja pale kuaga.

Mama alikuwa amekataa. "Mimi nimeokoka, sichezi ngoma."

"Basi utembee, mwaitu."

"Kutembea natembea kila siku. Nani anarekodi?"

Siku ya mwisho ya kurekodi, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2022, alikuja, akasema ameleta chakula tu. Kalunde alikuwa kwenye mstari. Miaka hiyo yote Kalunde hakuwahi kuja kwetu, kwa aibu, na mama hakuwahi kumwona. Mama aliweka sufuria chini akamwendea.

"Ni wewe ulikuwa umemshika?"

"Ni mimi, mama."

"Mkono upi?"

Kalunde akainua wa kushoto. Mama akaushika. Kaveke alipuliza filimbi, mstari ukaanza, na mama akatembea mle ndani ameshika mkono ule, akiwa na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Walipofika katikati akasimama. Wengine walivuka mpaka ng'ambo. Kalunde alibaki naye. Kaveke alimwita, "Mwaitu, njoo, tumemaliza." Mama akajibu, "Ninyi mmemaliza." Alisimama pale dakika kumi na moja, na Kaveke hakuzima kamera. Watu waliomshauri baadaye apunguze kipande hicho aliwauliza, "Nimkate wapi?" Filamu inaishia hapo, mama akiwa amesimama mchangani.

"Waliokawia" ilionyeshwa kwanza hapa Kasikeu, mwezi wa Februari 2023, kwenye shuka lililotundikwa ukutani mwa duka. Baadaye ilienda Wote, Kitui, Mwingi na Nairobi, makanisani, kwenye kumbi za shule, na mara moja nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, kwa mwaliko wa mzee Rashid. Kila mahali, baada ya filamu, Kaveke alitoa daftari na watu wakaja kuandika majina ya watu wao. Siku anafariki daftari lilikuwa na majina mia mbili na sita. Kuna watu walioniambia huo ndio uliokuwa mwisho wa kuvumilia peke yao. Binti mkwe wa mzee Rashid aliiona mara tatu. Ya tatu alienda nyumbani, akasema yuko tayari, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyemsukuma.

Lakini moyo wa Kaveke ulikuwa kwa mama. Januari 2024 miaka saba ilitimia, na chifu alitueleza kwamba sheria sasa inaruhusu familia kwenda mahakamani Mutindi atangazwe amekufa. Mama alisema, "Huyo ni mtoto wa serikali au ni wangu?" Kaveke akainuka, akatoka nami. Nje aliniambia, "Kathini, nimesaidia watu wengi walie, na mama yangu hajalia. Naomba Mungu nisife kabla hajalia." Nilimkemea kwa kutaja kifo.

Mwezi wa Mei 2025 alianza kushindwa kumeza chakula. Alifikiri ni vidonda vya tumbo, akaendelea na darasa kwa uji na maziwa mpaka muhula ukaisha. Mwezi wa Agosti madaktari walisema ni saratani ya koo. Alitibiwa Nairobi kwa miezi sita, na mkewe Kanyiva hakumwacha hata wiki moja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru walimu wenzake waliogawana darasa lake, na kwaya zilizokuja kumwimbia dirishani. Sauti ilipokwisha alizungumza nasi kwa kuandika. Mwezi wa Februari alirudi nyumbani kwa ombi lake. Alilala chumba cha mbele, na mama alimlisha uji kwa kijiko kama alivyomlisha mwaka wa njaa. Alhamisi tarehe 5 Machi 2026, saa nne asubuhi, Kanyiva akimsomea Zaburi ya ishirini na tatu, alivuta pumzi ndefu akaitwa na Bwana. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Mama hakulia siku hiyo. Wala kesho yake.

Jumanne ya wiki hii tuliketi kuandika karatasi mliyoshika. Mama aliniambia nimsomee yote. Nilifika mwisho, penye majina ya aliowaacha, nikasoma kama tunavyosoma siku zote katika nyumba hii, "Ameacha dada wawili, Mutindi na Kathini."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Toa Mutindi."

Nilifikiri sijasikia vizuri. "Nimweke wapi, mwaitu?"

"Mweke na baba yenu."

Kanyiva aliacha kupanga vikombe. Mama akaendelea, sauti yake ikiwa ndogo, "Mimi nikimzuia huku, Kaveke atapokewa na nani? Aende afike kule, aanze tena kutafuta dada yake? Ametafuta ya kutosha. Andika."

Nikaandika. Mama aliniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo. Ndipo akalia. Alilia wa kwanza na wa pili pamoja, miaka tisa ya Mutindi na siku tano za Kaveke, na tulimwacha alie. Kalunde, aliyekuwa amekuja kutusaidia kupika, alikaa naye mkekani mpaka mchana. Mchungaji amekubali majina mawili yasomwe kwenye ibada ya leo, na tunamshukuru.

Mwalimu Kaveke ameacha mama yake, Kalekye. Mke wake, Kanyiva. Watoto wake, Ndolo na Kalekye. Dada yake, Kathini. Wakwe zake wa familia ya Mwau huko Mbooni. Familia kumi na moja za mto Tiva. Walimu na wanafunzi wa Mbumbuni na Kitui. Na kwaya zaidi ya zile tunazoweza kuhesabu.

Walimtangulia baba yake, Jeremiah Ndolo, aliyefariki tarehe 3 Juni 2011, na dada yake, Mutindi Ndolo, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1988 na kufariki akivuka mto tarehe 20 Januari 2017.

Kaveke na Mutindi, Bwana awapumzishe kwa amani.